Uchambuzi wa Kisa: Mwombaji wa Uwakili wa Kodi Serikalini na Ritani Mbili Ambazo Hazikuwasilishwa

Usuli

Bi R (herufi hii haihusiani na jina lake) alikuwa mwaka wa pili wa shule ya sheria nchini Marekani alipoamua kwamba anataka kuwa wakili wa kodi wa serikali. Alikuwa amesoma uhasibu chuoni, akaingia moja kwa moja kwenye JD, shahada ya sheria ya Marekani, na masomo yote ya kodi aliyoweza kuyachukua aliyachukua. Alikuwa raia wa kuandikishwa. Alama zake zilikuwa nzuri, ingawa hakuwa kileleni mwa darasa.

Nilimfahamu kupitia kazi yangu ya kuwasaidia wanasheria vijana kujiandaa kwa ajira, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti la kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Kisa ni cha miaka kabla ya marekebisho makubwa ya kodi ya 2017, kwa hiyo viwango vya dola vilivyotajwa ni vya wakati huo.

Ofisi alizozilenga zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Ofisi ya Mshauri Mkuu wa Sheria wa IRS, mamlaka ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, ambayo mawakili wake humwakilisha Kamishna wa mapato mbele ya Mahakama ya Kodi. Ya pili ni Kitengo cha Kodi cha Wizara ya Sheria, ambacho wakati huo kilibeba kesi za kodi katika mahakama za wilaya za shirikisho, Mahakama ya Madai ya Shirikisho na mahakama za rufaa, pamoja na mashtaka ya jinai. Waombaji wengi huzichanganya ofisi hizi, na mchanganyo huo huonekana wazi kwenye barua zao. Tofauti inaanzia kwa mlipakodi mwenyewe. Akipokea notisi ya upungufu, yaani barua rasmi ya IRS inayosema anadaiwa kodi zaidi, ana siku 90 za kufungua shauri Mahakama ya Kodi bila kulipa kwanza (siku 150 kama notisi imetumwa kwake akiwa nje ya Marekani), na huko atakutana na wakili wa IRS. Akitaka kwenda mahakama ya wilaya, hana budi kulipa kodi yote kwanza kisha adai kurudishiwa, kama Mahakama Kuu ya Marekani ilivyoamua katika kesi ya Flora mwaka 1960. Huko atakutana na wakili wa Wizara ya Sheria.

Sifa zilizotakiwa

Kwenye karatasi sifa ni chache kuliko watu wanavyodhani: uraia wa Marekani, shahada ya sheria, na usajili wa uwakili katika jimbo lolote. Si lazima liwe jimbo utakalofanyia kazi. Hakuna mtihani wa serikali wa kuwachuja mawakili, kwa kuwa nafasi zao ziko nje ya utaratibu wa kawaida wa ushindani unaosimamiwa na OPM, ofisi ya utumishi ya shirikisho. Mhitimu ambaye bado hajasajiliwa anaweza kuanza kama karani wa sheria mwanafunzi kwa muda usiozidi miezi 14 akisubiri usajili. Muda huu wa miezi 14 uukumbuke, maana ndio uliokuja kumwokoa Bi R.

Shahada ya uzamili ya sheria ya kodi, LL.M., si sharti. Huweza kumweka mwajiriwa daraja la juu zaidi la mshahara, na inasaidia sana kwa aliyeingia kwenye kodi akiwa amechelewa. Bi R alifikiria kuahirisha maombi kwa mwaka mmoja ili aisome, akaachana nayo haraka kwa sababu asingeweza kuilipia bila mkopo mwingine. Kwa mtu aliyekuja na uhasibu, ulikuwa uamuzi sahihi.

Baada ya masharti hayo ya karatasi huja uchunguzi. Mwombaji hujaza fomu ya OF-306, ambayo pamoja na mengine inauliza kama ana deni lililochelewa kwa serikali kuu, likiwemo la kodi. Hujaza pia dodoso refu la historia yake: alipoishi, alipofanya kazi, ndugu walio nje ya nchi, fedha zake. Kwa IRS kuna jambo moja zaidi: faili lake mwenyewe la kodi hukaguliwa. Ofisi inayoajiri ndiyo inayotunza hilo faili.

Ukali huo una chanzo. Sheria ya mwaka 1998 iliyoipanga upya IRS iliorodhesha, katika kifungu cha 1203, makosa kumi ambayo mfanyakazi wa IRS akithibitika kuyatenda huachishwa kazi. Mawili kati yake yanahusu kodi yake mwenyewe: kutowasilisha ritani kwa wakati kwa makusudi, na kupunguza kwa makusudi kodi anayodaiwa. Adhabu hiyo inaweza kulegezwa na Kamishna peke yake, na uamuzi wake hauna rufaa. Kifungu hicho kinawahusu walioajiriwa tayari, hakimzuii mwombaji. Lakini ofisi inayoishi chini ya kanuni hiyo haiwezi kulichukulia kwa wepesi faili lenye mapengo la mtu anayebisha hodi.

Kilichogunduliwa

Kipupwe cha mwaka wake wa pili, Bi R alijiunga na kliniki ya sheria inayowasaidia walipakodi wa kipato kidogo. Kliniki za aina hii hupata ruzuku chini ya sheria ileile ya 1998, na wanafunzi huruhusiwa kuwatetea wateja chini ya usimamizi wa wakili. Mteja wake mmoja alikuwa mtu wa vibarua aliyeamini kwamba kwa kuwa kipato chake kilikuwa kidogo, hakupaswa kuwasilisha ritani.

Bi R alimweleza mteja kanuni. Kwa mtu asiye na ndoa, kizingiti cha kawaida cha kuwasilisha ritani wakati huo kilikuwa zaidi kidogo ya dola 10,000. Lakini aliyejiajiri ana kizingiti chake: faida halisi ikifika dola 400 kwa mwaka, ritani ni lazima, hata kama kodi ya mapato ni sifuri. Anadaiwa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayokokotolewa juu ya asilimia 92.35 ya faida, ambayo ni mchango wake wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee.

Jioni hiyo akafungua barua pepe zake za zamani. Katika mwaka wake wa mwisho wa chuo na mwaka uliofuata alikuwa akitafsiri nyaraka kwa malipo, kama mfanyakazi huru. Mwaka wa kwanza faida yake ilikuwa karibu dola 4,000, wa pili karibu dola 5,000. Hakuwa amewasilisha ritani hata moja kwa miaka hiyo. Alipoomba IRS taarifa ya mapato yake, ambayo mlipakodi hupewa bila malipo, malipo yote yalikuwamo, kwa sababu mteja wake wa tafsiri alikuwa ameyaripoti kwa fomu ya 1099. IRS ilikuwa na upande mmoja wa hesabu siku zote. Uliokosekana ulikuwa wake.

Kodi ya miaka yote miwili ilikuwa takriban dola 1,270, bila faini na riba.

Uamuzi na sababu zake

Alipewa ushauri wa namna tatu. Rafiki mmoja alimwambia anyamaze, fedha ni ndogo, na kama IRS haijauliza hadi sasa haitauliza. Mwingine alimwambia awasilishe ritani na kuomba kulipa kwa awamu. Msimamizi wake wa kliniki alimwambia awasilishe zote mbili mara moja kabla hajajaza fomu yoyote ya ajira, na suala la malipo lipangwe baadaye.

Ushauri wa kunyamaza ni mbaya kuliko unavyosikika, na kwanza kabisa kwa sababu ya sheria yenyewe. Muda wa IRS wa kutathmini kodi kwa kawaida ni miaka mitatu tangu ritani iwasilishwe. Isipowasilishwa, muda huo hauanzi kuhesabiwa kabisa. Mtu anayetegemea kusahauliwa anategemea kitu ambacho sheria haikitoi. Zaidi ya hapo, tangu usiku ule alioijua kanuni, hali yake ilibadilika. Kabla ya hapo alikuwa mtu asiyejua. Baada ya hapo, kila siku ya kukaa kimya ingekuwa ya mtu anayejua, na neno "makusudi" katika sheria ya kodi ya Marekani linajengwa hasa juu ya kujua wajibu na kuuacha.

Aliniandikia wakati huo: "Dada, nikiwasilisha sasa si nitakuwa najishtaki mwenyewe mbele ya ofisi ninayoiomba kazi?" Nilimjibu kwamba ofisi hiyo itaona pengo au itaona ritani iliyochelewa, hakuna hali ya tatu, na ritani iliyochelewa ina tarehe juu yake. Tarehe hiyo ikiwa ya kabla ya maombi, inamtetea. Ikiwa ya baada ya barua ya uchunguzi, inamshtaki.

Akawasilisha zote mbili. Kisha, kinyume na ushauri wa msimamizi kwamba malipo yangeweza kusubiri, alilipa deni lote kwa mkupuo kutoka kwenye akiba aliyoitenga kwa kozi ya maandalizi ya mtihani wa uwakili. Sababu yake ilikuwa moja: alitaka swali la deni kwenye OF-306 alijibu "hapana" bila maelezo.

Kuhusu faini, IRS ina utaratibu wa kumsamehe mlipakodi mwenye rekodi safi ya miaka mitatu iliyotangulia. Aliuomba kwa mwaka wa kwanza, akasamehewa. Mwaka wa pili haukuweza kupita hapo kwa kuwa mwaka uliotangulia tayari ulikuwa na doa, akalipa. Hakuandika barua ndefu ya kujitetea akidai kutojua sheria, na alifanya vyema. Kutojua sheria pekee mara nyingi hakukubaliki kama sababu ya msingi ya kusamehewa faini, na kwa mwanafunzi wa kodi kungesomeka vibaya zaidi.

Maombi na usaili

Ofisi zote mbili zilikuwa na mpango wa kuajiri wahitimu wapya. Ule wa Wizara ya Sheria ulianza mwaka 1953, na wakati huo dirisha lake lilifunguka mwishoni mwa kiangazi, mwanafunzi akiwa ndiyo kwanza anaanza mwaka wa mwisho. Anayesubiri kuhitimu ndipo aombe huwa amechelewa.

Sampuli ya maandishi ilimsumbua kuliko barua. Kazi yake bora ilikuwa hoja aliyoiandika kliniki kwa ajili ya mteja halisi. Kuificha kwa kufuta jina tu kusingetosha, kwani hali ya mteja ilikuwa ya kipekee, na mtu anayeomba kutunza siri za walipakodi hawezi kuanza kwa kuanika ya mmoja wao. Aliiweka kando, akatumia waraka wa darasani kuhusu nafuu ya mwenzi asiye na hatia chini ya kifungu cha 6015. Mume na mke wanaowasilisha ritani ya pamoja huwajibika kila mmoja kwa deni lote. Kifungu hicho humwezesha mmoja kuomba aondolewe mzigo ambao kwa haki si wake. IRS iliwahi kuweka kikomo cha miaka miwili kwa maombi ya nafuu ya msingi wa haki, ikakitetea mahakamani, na baadhi ya mahakama za rufaa zikaipa ushindi. Pamoja na hayo, mwaka 2011 ikakiondoa yenyewe. Waraka wa Bi R uliuliza kwa nini ofisi inayoshinda iache kanuni yake.

Kwenye usaili wa Wizara ya Sheria aliulizwa angefanya nini akigundua, katikati ya shauri, waraka unaoonyesha kwamba hoja moja ya serikali haina mashiko. Alijibu kwamba angetafuta hoja nyingine ya kushinda. Hakuitwa tena.

Tulikaa na jibu hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa ndilo lililobeba somo kubwa zaidi la kisa hiki. Wakili wa kampuni binafsi ana mteja mwenye maslahi yake. Wakili wa kodi wa serikali ana mteja ambaye maslahi yake ni kodi sahihi, isiyozidi wala kupungua. Katika Mahakama ya Kodi mzigo wa kuthibitisha kwa kawaida uko kwa mlipakodi, na wengi wanaokuja pale hawana wakili. Wakili wa IRS anayetumia mzigo huo kushinda shauri analojua si sahihi anaichafua kazi yenyewe. Sheria nayo inalo la kusema. Kifungu cha 7430 kinamruhusu mlipakodi aliyeshinda kudai gharama za shauri, kwa masharti, kama msimamo wa serikali haukuwa na msingi wa kutosha. Na ajabu ni kwamba waraka wake mwenyewe juu ya kifungu cha 6015 ulikuwa na jibu. Hakuwa ameuona kama maelezo ya kazi.

Kwenye usaili wa IRS swali lilikuja kwa sura nyingine: mlipakodi asiye na wakili, hoja yake mbovu, lakini risiti alizoleta zinathibitisha makato ambayo hakuyadai. Alijibu kwamba makato hayo yangeingia kwenye hesabu ya suluhu, kwa sababu kinachotafutwa ni kiasi sahihi. Kisha akaeleza kilichotokea mwaka 2011, na mazungumzo yakahamia huko.

Kabla wasaili hawajaondoka aliwaeleza mwenyewe kuhusu ritani mbili, kwa sentensi chache na tarehe zake.

Matokeo

Alipewa ahadi ya kazi yenye masharti: afaulu uchunguzi na apate usajili wa uwakili. Uchunguzi ulirudi kwenye ritani hizo kwa maswali ya maandishi. Alijibu kwa kuambatanisha nakala, uthibitisho wa malipo na barua ya msamaha wa faini. Kamati ya maadili ya jimbo alikoomba usajili iliuliza mambo yaleyale, na majibu yakafanana neno kwa neno kwa kuwa yalitoka kwenye jalada moja.

Mtihani wa uwakili wa Julai alifeli. Hakuwa na fedha za kozi ya maandalizi aliyoikusudia, akasoma kwa vitabu vya zamani huku akifanya kibarua. Mtihani huo haupimi sheria ya kodi ya shirikisho, kwa hiyo ujuzi wake mkubwa haukumsaidia hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kazi Septemba kama karani wa sheria mwanafunzi. Alirudia Februari, akafaulu, na usajili ukakamilika kiangazi hicho, ndani ya miezi 14.

Mashauri ya wateja aliowahi kuwagusa kliniki alizuiwa kuyashughulikia. Orodha yao aliitoa mwenyewe wiki ya kwanza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni mpangilio wa tarehe. Ritani, malipo, ombi la msamaha, maombi ya kazi, maelezo ya mdomo kwenye usaili, majibu ya uchunguzi: kila hatua ilitangulia swali ambalo lingeifanya ionekane ya kulazimishwa. Sidhani kwamba ukweli wenyewe bila mpangilio huo ungetosha. Nimeona waombaji waliosema kweli ileile baada ya kuulizwa, na ikasikika kama utetezi.

Kulipa kwa mkupuo, kwa maoni yangu, kulikuwa kupita kiasi. Kuwasilisha ritani kulikuwa lazima. Kumaliza deni siku hiyohiyo hakukuwa lazima, maana mpango wa awamu uliokubaliwa na IRS na kulipwa kwa wakati unaelezeka kwenye OF-306 kwa sentensi mbili, na fomu ina nafasi ya maelezo hayo. Alinunua neno "hapana" kwa bei ya kufeli mtihani mara moja. Mimi nisingelinunua. Yeye hadi leo hakubaliani nami, anasema usingizi wa miezi ile ulikuwa na thamani yake, na huenda hilo ni jambo la kila mtu na moyo wake.

Kushindwa kwa usaili wa kwanza hakukutokana na upungufu wa ujuzi. Kulitokana na kujiandaa kwa vifungu bila kujiandaa kwa nafasi anayoiomba. Mazoezi tuliyoyafanya baadaye yalikuwa rahisi: nilimpa mashauri ya Mahakama ya Kodi, ambayo husomwa na yeyote bila malipo, akatakiwa kuandika ukurasa mmoja juu ya nini wakili wa Kamishna angepaswa kukubali kabla ya shauri kuanza. Hakuruhusiwa kuandika namna ya kushinda. Kwa mwombaji mwenye muda wa zoezi moja tu, ningemchagulia hilo.

Kliniki ilimpa mambo matatu ambayo darasa halikumpa: mteja aliyemfungua macho kuhusu faili lake, msimamizi aliyeweza kumdhamini kwa kumjua, na hofu halisi ya mlipakodi anayepokea barua ya serikali. Kuna wanaoogopa kwamba kuwatetea walipakodi dhidi ya IRS kutawaharibia nafasi ya kuajiriwa nayo. Katika kisa hiki ilikuwa kinyume, na sishangai. Ofisi inahitaji watu wanaojua barua zake zinasomwaje mezani kwa mtu.

Mwaka wa kisa ulikuwa na nafasi wazi, na hilo halikutokana na juhudi za mtu. Januari 2025 serikali kuu ya Marekani ilisimamisha ajira mpya, na mwombaji mwenye sifa zote angeweza kukuta mlango umefungwa. Anayeomba sasa aanze kwa kuangalia tangazo lililo hai, kisha awe na njia ya pili: mamlaka za mapato za majimbo nazo zina mawakili wa kodi, na nazo zina faili lake la kodi la jimbo. Bi R hakuwa amelikagua hilo. Jimbo lilimtumia madai madogo ya miaka hiyohiyo miwili akiwa tayari kazini, na akalazimika kuyaripoti kwa msimamizi wake kabla ya kuyalipa.